Sehemu ya Baba

Kilwa Masoko
11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Pole sana na masikio. Romani aliniambia kwenye simu kuwa sasa hata ukipigiwa kelele unaitikia jambo jingine kabisa, basi nimeona turudi kwenye karatasi kama zamani. Hii nampa kondakta wa basi la Lindi, atamkabidhi Romani hapo Kitomanga kituoni. Nawe ukiandika, mpe huyohuyo.

Mimi ni mzima, ila miguu. Nasimama jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Wasichana wa bweni ni mia mbili na arobaini, wakimaliza uji wanataka maharage, wakimaliza maharage sufuria zinataka kusuguliwa. Mjukuu wako Grace amesharudi shuleni Lindi, yuko kidato cha pili, anakuamkia.

Uliuliza kwa Romani Jumamosi huwa naenda wapi mpaka sipatikani. Nikuambie, usicheke. Kuna kikundi cha maigizo hapa Masoko. Ni watu wazima wanaojitolea: nesi, fundi cherehani, walimu, mwendesha bodaboda mmoja anaitwa Sipriani. Malipo hakuna, na maji ya kunywa kila mtu anakuja na yake. Tunakutana kwenye darasa la shule ya msingi. Kiongozi ni mwalimu Salome, ndiye anayeitunga michezo. Kila akiwa na mchezo mpya anaita usaili. Unasimama mbele ya ubao na karatasi yako, wenzako wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, wanakutazama unavyosoma. Ukimaliza unaambiwa umepata sehemu gani.

Nimesimama mara nne. Mara ya kwanza nilipewa kuvuta pazia. Mara ya pili nikawa mwanamke wa tatu msibani, na huyo wa tatu hasemi kitu. Mara ya tatu sikupata. Mara ya nne nikaambiwa nitunze mavazi, kwa kuwa najua kufua. Salome aliniambia, "Dativa, unasoma kama mtu anayemtajia karani jina lake." Ni kweli. Sauti haitoki.

Sijui kwa nini narudi. Nikitoka jikoni naweza kulala na kanga yenye moshi, lakini Jumamosi ikifika saa tisa, najikuta natembea kwenda kule.

Mwanao,
Dativa


Kitomanga
3 Machi 2024

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Milele amina. Barua yako imefika, ila ilikaa siku sita mfukoni mwa kaka yako. Sisi tupo. Mvua ni nyingi, magugu shambani yanatushinda. Masikio ni yaleyale, humo ndani mna nyuki. Kanisani naona mdomo wa padri unakwenda, nami naitikia nikiona wenzangu wamefumbua midomo.

Habari ya maigizo sikuielewa. Mtu umri wako ni miaka thelathini na minane, umechoka, unakwenda kusimama mbele ya watu uambiwe hufai, kisha unarudi uambiwe tena. Mara nne! Mimi ningekwenda mara moja tu. Jumamosi ulale, mwanangu. Miguu hainunuliwi.

Lakini huyo mwanamke wa tatu, kwa nini hasemi? Msibani kila mtu husema. Nilimuuliza Stefania, mke wa Romani, akacheka mpaka akashika ukuta.

Ukienda mara ya tano nijulishe walikupa nini.

Baba yako,
Alfonsi


Kilwa Masoko
14 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyuki wamepungua. Huku hatujambo.

Nilikwenda mara ya tano. Hii barua nimeianza mara tatu, kwa hiyo vumilia.

Siku hiyo Salome alikusanya karatasi zote akaziweka chini. Akasema, "Leo hatusomi. Kila mtu atasimulia jambo moja ambalo hajawahi kumsimulia mtu." Sipriani akauliza, "Na kama hatuna?" Salome akamjibu, "Basi kaa, apite mwingine." Zamu yangu ilipofika nilikusudia kusimulia ya nyoka aliyeingia stoo. Nikafungua mdomo, ikatoka nyingine.

Nilisema hivi. Mwaka niliomaliza darasa la saba, mama alikuwa amelala mkekani miezi mitano hainuki. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipoletwa, sikwenda shuleni kuyasikiliza kwa kuwa nilikuwa namgeuza mama ubavu. Akaenda baba. Akarudi, akatundika kofia, akasema, "Hukuchaguliwa." Nikasema sawa. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, waliochaguliwa wameshaanza kidato cha kwanza, Antonia niliyesoma naye alinikuta kisimani akaniuliza, "Jina lako lilisomwa, la pili kwenye orodha. Mbona hukwenda?" Nikajitwisha ndoo nikarudi nyumbani. Baba alikuwa anapasua kuni. Nikamimina maji mtungini, sikumuuliza. Mama akafariki mwezi wa saba. Sikuuliza siku hiyo wala nyingine.

Nilisema pia kwamba fomu yangu ya kwenda sekondari uliichoma, maana siku ile nilikuona ukisukumia karatasi motoni.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Salome akasema, "Sauti hii ilikuwa wapi miaka miwili yote?" Akaomba atunge mchezo kutokana na hayo, nikakubali kabla sijafikiri. Baada ya wiki mbili akagawa sehemu. Msichana ni Joyce, ana miaka kumi na tisa. Baba ni Sipriani. Mimi ni mama. Kwa hiyo mara ya tano nimepata sehemu, Baba, nayo ni ya kulala.

Sikuandikii kukulaumu. Nimeona usikie kwangu, usije ukasikia kwa kondakta. Kama hutaki, sema tu, nitamwambia Salome aache.

Mwanao,
Dativa


Kilwa Masoko
26 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Kondakta anasema barua ya mwezi wa nne alimpa Romani mkononi. Romani anasema alikupa wewe. Anasema unakula, unakwenda shamba, u mzima, ila juu ya barua hujatamka neno.

Sitarefusha. Nimemwomba Salome asimamishe. Wenzangu hawakunung'unika mbele yangu. Salome amesema atangoja mpaka mwisho wa Juni, akiona kimya atachukua mchezo mwingine. Na Sipriani ameanguka na pikipiki, amevunjika mguu, kwa hiyo hata baba mwenyewe hatuna.

Nililala kwenye ule mkeka wiki tano za mazoezi. Ukiwa chini unaona miguu ya watu tu. Nilikuwa natazama miguu ya Sipriani ikienda mlangoni na kurudi, nikawaza, kumbe mama alikuona hivi.

Nimechoka, Baba. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Dativa


Kitomanga
16 Juni 2024

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Sote hatujambo.

Nimechukua wiki tisa. Si hasira. Kila nikikaa na kalamu nachoka kabla ya mstari wa pili, naondoka nakwenda kupalilia.

Sikuichoma fomu yako. Karatasi uliyoiona ilikuwa ya kufungia chumvi. Kama ningeichoma ingekuwa afadhali.

Nilipofika shuleni mwalimu mkuu alinipa mkono. Akasema, "Hongera, Mzee Alfonsi. Shule nzima wamechaguliwa wawili, na mmoja ni wako." Nikamwambia, "Mtoto mwenyewe hataki." Akaniuliza, "Hataki kabisa?" Nikasema hataki. Akanipa karatasi niandike. Nikaandika kwamba mwanangu Dativa ameikataa nafasi kwa hiari yake. Nikatia sahihi. Nafasi akapewa mtoto wa kijiji kingine, jina lake sikulijua. Kwa hiyo hukunyimwa tu, ulisingiziwa.

Sasa utauliza kwa nini. Mama yako hakuniomba, usimtie humo. Yeye alikufa akijua hukuchaguliwa, kwa maana naye nilimdanganya.

Nilikuwa nimechoka. Wewe ulimlisha na kumgeuza. Nguo zake chafu nilikuwa nazifua mimi, alfajiri, kabla watu hawajafika kisimani. Wewe ulikuwa mtoto, sikutaka uzishike, na mimi ni mwanamume, sikutaka wanione nazo. Ulidhani anazichukua shangazi yako. Nikawaza, Dativa akienda bweni nitabaki peke yangu na yale yote. Ndiyo hiyo tu. Nimetafuta sababu nyingine iliyo nzuri zaidi miaka yote hii, sikuipata.

Waambie waendelee. Ila wacheze jinsi ilivyokuwa. Na huyo Sipriani, Romani anasema ulimwambia kwenye simu kwamba anapiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Nilisema polepole.

Baba yako,
Alfonsi


Kilwa Masoko
7 Julai 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya gunia la maharage. Uji ukaungua, wasichana wakaunywa hivyohivyo. Sikulia. Nilikasirika. Miaka yote nilidhani nimekasirika, kumbe nilikuwa nimenyamaza tu, hasira yenyewe ndiyo kwanza inakuja. "Kwa hiari yake." Uliandika hivyo kwa mkono huohuo unaoniandikia. Mtu niliyekuwa nampikia ugali kila siku.

Na habari ya nguo za mama nayo sijui niiweke wapi. Nikitaka kukuchukia nakuona umeinama kisimani. Nikitaka kukuhurumia nakuona unatia sahihi. Wiki mbili nilipika hivyo, mara huyu, mara yule.

Kisha nikampelekea Salome barua. Akaisoma amesimama, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili. Akaita usaili wa sehemu ya baba. Walijaribu wanaume watatu. Nesi alilia. Fundi cherehani alifoka. Mwalimu mmoja aliisema vizuri, lakini ukimtazama unaona anataka apendwe. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye mkeka wangu nikisubiri. Salome akageuka. "Dativa, simama ujaribu."

"Mimi? Ni mwanamume yule."

"Simama tu."

Nikasimama mbele ya ubao. Nikasema polepole, "Mtoto mwenyewe hataki." Sikuongeza kitu. Joyce alikuwa kwenye dawati la mbele, akaweka mkono mdomoni.

Nimepewa. Mkeka amechukua mama mmoja muuza samaki, Theresia. Onyesho ni mwisho wa Agosti. Sasa nijibu, maana hakuna mwingine wa kumuuliza. Uliposema maneno yale ulikuwa umekaa au umesimama? Mikono ilikuwa inafanya nini? Ukitoka pale ulipita wapi?

Mwanao,
Dativa


Kitomanga
21 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sote tupo, mikorosho imeanza kutoa maua.

Nilisimama. Kiti nilipewa, sikukaa. Kofia nilikuwa nayo mkononi, nikiizungusha kwa ukingo wake, hata mwalimu mkuu akawa anaitazama kofia badala ya kunitazama mimi.

Sikupita njiani. Nilipita nyuma, kwenye mikorosho ya watu. Mabibo yalikuwa yamezagaa chini. Nikakaa nikala matatu. Nilikuwa na njaa. Hili hunisumbua kuliko sahihi yenyewe, kwamba niliweza kuona njaa, na yalikuwa matamu.

Kisha nikafuta mdomo, nikaja nyumbani nikakuambia.

Romani anataka kunileta nitazame. Nimekataa. Sitasikia kitu, nami sitaki kukaa katikati ya watu wasiojua kuwa ndiye mimi. Na wakijua pia sitaki.

Umekasirika, kasirika. Ila ule.

Baba yako,
Alfonsi


Kilwa Masoko
1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika asubuhi ya Jumapili, misa ya kwanza nimeikosa, mwili umekataa. Natumaini huko ni wazima.

Tulicheza jana, saa kumi jioni, kwenye uwanja wa shule. Walikuja watu kama themanini, na watoto wasiohesabika. Wapishi wenzangu walikuja wote, wamekaa mstari mmoja na mabegi mapajani. Nilivaa suruali ya Sipriani na shati la fundi. Nilipotokea wale wapishi walicheka, nikasema moyoni, haya, yameharibika mapema.

Tulipofika pale pa mwalimu mkuu kicheko kikaisha. Nikazungusha kofia. Nikasema maneno yako. Yule wa mwalimu mkuu akauliza, "Hataki kabisa?" Kabla sijajibu, mwanamke mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Mwongo huyo! Anataka!" Watu wakamgeukia. Nikapaswa kusema "Hataki" na lile neno lake bado liko hewani. Nikalisema. Sijawahi kusema jambo zito kama lile, na ni neno moja.

Mabibo huu si msimu wake, nilikula maandazi. Nilipokaa chini kula watu walicheka tena. Halafu kidogokidogo wakaacha. Nikawa natafuna, uwanja mzima unanisubiri nimeze.

Mwisho walipiga makofi, lakini si sana. Theresia alibaki amelala mkekani mpaka tukamwinua, akasema mgongo umekufa. Mzee mmoja aliyekuwa na bakora alinijia, nikadhani atanisifu. Akaniambia, "Wewe umenichosha," akaenda zake.

Nisikudanganye, Baba. Wenzangu wameniuliza kama nilikusamehe nikiwa pale mbele. Hapana. Pale mbele nilikuwa nawaza mstari unaofuata. Lakini nilipovua ile suruali nyuma ya darasa nikajua nimekuwa wewe kwa saa nzima, nami sikuweza kufanya tofauti na ulivyofanya, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Wewe ungeweza. Hapo ndipo nilipokwama, na bado niko hapohapo.

Naenda kulala.

Mwanao,
Dativa


Kitomanga
15 Septemba 2024

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Hatujambo. Stefania alinisomea barua yako kwa kuniandikia kwa herufi kubwa, maana macho nayo yameanza kufifia, kisha nikaisoma tena mwenyewe juani.

Kweli, ningeweza. Laiti huyo mwanamke wa nyuma angekuwa shuleni siku ile.

Sina la kuongeza juu ya hayo. Nina swali moja. Nimekaa kizingitini siku mbili nikilitafuta, nikaona aibu kwamba ni jepesi hivi na sikuwahi kukuuliza, si wakati ule wala baadaye, hata ulipoolewa, hata mume alipokuacha ukaja na Grace mgongoni. Ulipokuwa na miaka kumi na minne, ulitaka kuwa nani?

Baba yako,
Alfonsi


Kilwa Masoko
13 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Huku ni wazima. Grace yuko kwenye maandalizi ya mtihani wa kidato cha pili, umwombee.

Swali lako nimekaa nalo karibu mwezi. Mara ya kwanza nilitaka kukujibu nesi, au mwalimu, maana ndivyo wasichana wa bweni wanavyosema ukiwauliza wakati unawapakulia. Lakini niliona nitakuwa nakupa jibu la mtoto mwingine. Nikajaribu kumkumbuka Dativa wa wakati ule. Namwona kisimani, namwona anamgeuza mama, najua gauni alilovaa na kidonda alichokuwa nacho kisigino cha kushoto. Nikimuuliza ulitaka nini, ananitazama tu.

Sikumbuki, Baba. Lazima kulikuwa na kitu, maana niliishika ile nafasi ya pili kwa kusoma, haikuniangukia. Lakini kimekwenda, sikijui tena. Nadhani nilikiacha makusudi, ili kisinisumbue. Usiniandikie pole. Nimekuambia kwa sababu uliuliza.

Bweni likifungwa Desemba nitakuja kukaa siku nne. Msiniandalie kitu, wala usimsumbue Stefania. Bado sijui nitakapokuona nitasikiaje, lakini nitakuja.

Sipriani ametupa magongo, anachechemea. Salome ameandika mchezo mpya, usaili ni Jumamosi. Kuna sehemu ya hakimu, kuna ya mke wa mganga, kuna ya mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi, na ya mlevi mmoja anayechekesha. Alinifuata mpaka jikoni kunionyesha. Akasimama mlangoni kwenye moshi, akauliza, "Safari hii unataka ipi?"

Nikamwambia sijui. Anipe zote, nisimame nizisome moja moja.

Mwanao,
Dativa